Vitufe vya Ngozi ya Mbuzi

Mimi ni mtu wa kurudia. Shuleni niliwahi kufuta herufi moja mpaka karatasi ikatoboka, nikararua ukurasa, nikaanza upya, na mwisho wa muhula mwalimu akauliza kwa nini daftari langu ni jembamba kuliko ya wenzangu. Hadi leo nikifunga mlango narudi kuusukuma, na nikishausukuma narudi tena, maana huenda nilipousukuma niliulegeza. Nayasema haya mapema kwa sababu kisanduku nitakachokieleza kilitengenezwa na mtu wa namna hiyo. Huenda mtu mwenye moyo uliotulia angeona upesi kile ambacho mimi nilichelewa kukiona.

Baba alikuwa mtu wa pampu. Serikali ilimtoa kwetu, upande wa Bungoma, ikampeleka Lodwar, halafu Kakuma, aangalie injini iliyovuta maji ya kisima karibu na laga ya Tarach, mto mkavu unaojaa wakati wa mvua tu. Watu wa pale hawakujisumbua na jina lake. Walimwita Pampu, na mama wakamwita mama wa Pampu, na mimi msichana wa Pampu, na hata punda wetu, alipokuwa hai, alikuwa punda wa Pampu. Alasiri, akishazima injini na kunawa mikono kwa mafuta ya taa, baba alikwenda kwenye baraza la duka moja ambako wanaume walikuwa wamechimba mashimo ya bao katika udongo mgumu. Kwetu Bungoma alicheza bao tangu utotoni. Sheria za Kakuma zilitofautiana kidogo na za kwao, akazijifunza kwa kushindwa.

Aliyemshinda mara nyingi zaidi alikuwa mzee mmoja Mturkana aliyenunua na kuuza mbuzi. Alikuwa mrefu, mkavu, ana tundu chini ya mdomo ambamo zamani alivaa pambo, na kila mahali alitembea na kigoda chake kidogo cha mti. Mchezo wao ulikuwa nusu mawe, nusu matusi. Mawe waliyaita mbuzi, na kuyateka waliita kula.

"Pampu, leo nakula wewe mpaka ngozi," mzee alikuwa akisema kabla hajakaa.

"Kula taratibu, mzee. Meno yenyewe yamebaki mawili, na moja ni la kuazima."

"Meno ya nini? Mbuzi yako laini. Inakunywa maji ya bure ya serikali."

Mimi nilitumwa kumwita baba chakulani, nikasimama pembeni nikisubiri mchezo uishe, na haukuisha. Sikumbuki hata siku moja mzee yule akimsifu baba. Baba akicheza vizuri, mzee alitema mate kando na kusema, "Bahati ya fisi." Ilikuwa ndiyo heshima yake. Nalitaja jambo hili kwa sababu nilipaswa kulikumbuka baadaye, nami sikulikumbuka.

Asubuhi moja baba alianguka kando ya injini. Waliomkuta walisema injini ilikuwa ikiendelea kuunguruma na maji yanamwagika nje ya birika, na mbuzi wa watu wanakunywa pembeni ya kichwa chake. Alipakiwa kwenye lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu, mama akakaa nyuma naye, mimi nikakaa juu ya turubai, tukaenda Lodwar. Ilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote, na maneno yakaondoka, likabaki moja tu ambalo lilikuwa kama "bee", na alilitumia kwa maji, kwa joto, kwa mama, na kwa maumivu.

Hospitali ya Lodwar ilitutunza vizuri. Ilipofika wakati wa kuruhusiwa, daktari alituambia kwa upole kwamba mengine ataamua mwili wenyewe. Tulirudi Kakuma na mtu ambaye angeweza kuketi akiegemezwa, kumeza uji, na kusogeza mkono wa kushoto. Nao mkono wa kushoto ulitetemeka. Haukuweza kushika. Uliweza kubonyeza tu, kwa kidole cha shahada.

Siku ya kwanza alipopata nguvu, tulimbeba hadi barazani. Wanaume wakasimama wote. Mzee wa mbuzi alimsalimu, "Ejok, Pampu," akajibu mwenyewe kwa niaba ya baba, "Ejok noi," akakaa kwenye kigoda chake na kuyapanga mawe. Kisha akachukua mawe ya shimo moja akayatia katika kiganja cha baba cha kushoto. Yakaanguka. Akayaokota, akayatia tena. Yakaanguka tena, moja likabingirika hadi mlangoni mwa duka. Hakuna aliyecheka. Wanaume walianza kutazama barabara kana kwamba kuna gari linakuja. Baba alilia machozi bila sauti, upande mmoja wa uso ukilia na mwingine umetulia, na tulipomrudisha nyumbani hakutaka kutoka tena. Ukigusa kiti kumwinua, alisema "bee" na kugeuza kichwa.

Mama alisema, "Tumrudishe kwao. Akae na ndugu zake. Hapa tunalinda mwili tu."

"Baba yupo, mama. Ni mkono ndio haupo."

"Wewe unajuaje?"

Sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimejifunza umeme kutoka kitabu cha sayansi cha shule kilichokosa jalada, na kutoka kufungua tochi za watu na kuzifunga tena. Lakini nilikumbuka Kitale. Miaka miwili kabla, baba alikwenda Kitale kuchukua vipuri vya injini akanichukua nami nione mji. Katika hoteli tulikokunywa chai kulikuwa na mashine ya mchezo kwenye kona, meza ya kioo yenye mpira wa chuma na taa zinazowaka kwa rangi, ambayo mtu aliichezea kwa kubonyeza vitufe viwili ubavuni. Baba aliitilia senti, akacheza, akapoteza mpira mara moja, akacheka mpaka mhudumu akaja kutazama. "Mchezo wa mtu mvivu huu," aliniambia. "Vidole viwili tu. Mwili wote unabaki umepumzika."

Kwa hiyo nikamwambia mama: nitamtengenezea baba kisanduku cha vitufe. Kila shimo la upande wake litakuwa na kitufe chake na balbu yake. Akibonyeza, balbu itawaka kwenye shimo alilochagua, na mzee atamchezea mawe. Kuchagua ndiyo akili ya bao. Kugawa mawe ni kazi ya mikono, na mikono ya mtu yeyote inatosha.

"Akicheza mchezo mmoja mzima, utajua yupo," nilisema. "Tubaki mpaka apate nguvu."

"Na asipocheza?"

"Tutaondoka."

Mama alirudi kwenye uji wa baba. "Haya," alisema. "Lakini usifanye kama daftari zako. Usikae mwaka."

Sikuwa na vifaa wala fedha ya kununua vifaa, kwa hiyo nilianza na mchoro, maana mchoro ni bure. Nilichora nyuma ya nyumba kwa kijiti, mchangani. Betri, vitufe, balbu, waya wa kwenda na waya wa kurudi. Mstari ukipinda nilifuta wote. Upepo wa Kakuma ulinisaidia kufuta. Katika mchoro wangu wa kwanza kila balbu ilikuwa na waya mbili zake mwenyewe, na nilipojumlisha urefu nikaona kwamba waya hizo zingefika kisimani. Ilinichukua siku kadhaa za kuchora na kufuta kugundua jambo ambalo fundi yeyote angeniambia kwa kikombe cha chai: balbu zote zinaweza kurudi kwenye betri kwa waya mmoja. Kila moja iende na waya wake, zirudi pamoja. Nilifurahi peke yangu mle uani, nikaingia ndani kumweleza baba. Akasema "bee". Nilichukua hilo kama sifa.

Waya nilizipata kwenye lori lililoharibika. Lilisombwa na laga kwenye njia ya Lodwar mvua za mwaka uliotangulia, likaachwa limelala ubavu, na watu walikuwa wamekwishachukua viti, mbao na vioo. Waya hawakuzichukua zote. Akina mama walikata zile nene za shaba kwa ajili ya bangili, nyembamba wakaziacha. Nilizivuta kutoka ndani ya bodi mpaka vidole vikachubuka. Zote zilikuwa nyeusi kwa grisi, hakuna rangi ya kuzitofautisha. Kwa mbao nilitumia sanduku la majani ya chai. Vitufe vilikuwa vifuniko vya chupa za soda, vimepigiliwa juu ya vipande vya kopo la mafuta ya kupikia ambavyo vilijipinda vikigusa msumari chini yake, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilivirudisha juu.

Balbu zilinishinda. Kakuma kulikuwa na balbu za tochi mbili tu dukani. Tulipompeleka baba Lodwar kuonwa tena na daktari, nilimwacha na mama kwenye benchi nikaenda kwa fundi wa redio aliyekuwa na meza yake nje ya soko. Nilimweleza ninachotaka. Alinisikiliza huku amekaza bisibisi kwa meno.

"Kwa hiyo," alisema, "ni redio isiyoongea."

"Si redio."

"Ni taa isiyoonyesha njia."

"Inaonyesha shimo."

"Dada, Lodwar nzima ina mashimo. Hatujawahi kuhitaji taa kuyaona." Wenzake wakacheka. Lakini aliinama chini ya meza akatoa kopo lenye balbu za tochi zilizokwisha kutumika, akazijaribu moja moja kwenye betri, zilizowaka akanipa, na akanivunjia kipande cha risasi ya kuungia waya. "Ni ya nani?" aliuliza. Nilimwambia. Alirudisha bisibisi mdomoni na hakutaka kitu.

Sikuwa na chuma cha kulehemu. Nilipasha boliti ya injini ya baba kwenye makaa, nikaishika kwa koleo, nikayeyusha risasi kwa haraka kabla boliti haijapoa. Maungio yangu ya kwanza yalikuwa mabaya, kama kinyesi cha kuku. Yalishika, lakini yalikuwa mabaya, kwa hiyo niliyabandua nikafanya tena. Mama alipita na ndoo. "Yanawaka?" aliuliza. Nikasema yanawaka. "Sasa unayavunja kwa nini?" Nikamwambia si mazuri. Aliweka ndoo chini. "Baba yako anakusubiri, si mazuri yako."

Betri zilikuwa za redio ya mama. Alizitoa mwenyewe. Zilipochoka tulizianika juu ya bati pamoja na mahindi, zikapata nguvu kidogo, zikachoka tena. Redio ilikaa kimya mezani na mama akakosa vipindi vyake vya kuabudu vya asubuhi.

Kisanduku kilipokwisha nilikijaribu ndani, madirisha yamefungwa. Kila kitufe kiliwasha balbu yake. Balbu nilikuwa nimezipanga kwenye ubao mwembamba wa kulazwa kando ya safu ya mashimo, na kisanduku chenyewe kilikaa magotini mwa baba, na kati ya viwili hivyo kulikuwa na mkia mnene wa waya nilioufunga kwa vitambaa. Nilibonyeza mpaka vidole vikauma. Halafu nikavitoa vyote nje, nikabonyeza, na hakuna kilichoonekana. Jua la Kakuma lilikuwa limemeza taa zote. Mtu aliyeishi pale miaka yote ile, akasahau jua. Ilibidi nikate makopo ya dawa ya mbu na kuyageuza vibanda vidogo juu ya kila balbu, ili mtu ainame kidogo na kuona mwanga ndani. Hiyo ilikuwa wiki nyingine, na wiki ile baba alianza kukataa uji.

Kosa kubwa zaidi nilikuwa sijaliona bado. Kwa kuwa nilitaka mambo yawe wazi, nilipaka kila kitufe namba kwa rangi nyeupe, kuanzia moja, na namba hizohizo juu ya vibanda vya balbu. Zilikuwa namba nzuri. Nilitumia rula. Siku tulipokipeleka barazani bila baba, ili mzee akione kwanza, alikishika, akaniuliza kila kitu kinafanya nini, akabonyeza, akacheka balbu ilipowaka. Kisha akasoma. Alijua namba, maana ni mfanyabiashara. Akakunja uso.

"Hii nini?"

"Namba, mzee. Shimo la kwanza, la pili…"

"Nani ametuma wewe kuhesabu mbuzi ya baba yako?"

Nilisema ni mashimo, si mbuzi. Mwanamume mmoja aliyekaa nyuma yake akasema kwa Kiturkana jambo ambalo sikulielewa lote, lakini wengine wakainuka. Mzee alinirudishia kisanduku kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto aliyejichafua.

"Mbuzi ya mtu haihesabiwi kwa sauti," alisema. "Wala kwa rangi. Ukihesabu, inapungua. Sasa mtu mgonjwa, wewe naweka yeye namba kwa magoti? Toa."

Nilirudi nyumbani nimekikumbatia kisanduku. Uchungu ulikuwa kwamba nilijua. Hata kwetu Bungoma bibi hakuruhusu mtu kuhesabu watoto wake. Ni shule iliyonisahaulisha, shule na ile hamu yangu ya mambo kuwa wazi. Ndiyo sababu hapa sijaandika mashimo yalikuwa mangapi, na sitaandika.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuja mwenyewe nyumbani, amebeba mfuko wa ngozi. Alimwaga chini vipande vya ngozi ya mbuzi, vina manyoya yake bado, vimekatwa vidogo. "Mimi nanunua mbuzi," alisema. "Sinunui moja, mbili. Nanunua mweupe, nanunua ile ya madoa, nanunua kijivu." Tulikaa mlangoni tukigandisha ngozi juu ya vifuniko vya soda kwa gundi ya mti. Mweupe. Mweusi. Mwekundu wa udongo. Kijivu. Wa madoa. Mweusi mwenye kiuno cheupe. Kila rangi alinitajia kwa Kiturkana na kila moja ilikuwa na jina lake, neno moja, pale ambapo mimi kwa Kiswahili nilihitaji matatu. Vipande vingine vya rangi hizohizo tulivigandisha juu ya vibanda vya balbu. Baba alikuwa ndani, mlango wazi, akitutazama. Tulipomaliza mzee aliingia, akachukua kile kidole cha baba, akakipitisha juu ya ngozi moja baada ya nyingine. Kwenye kijivu, baba aliacha kidole chake pale. Manyoya ya kijivu yalikuwa laini kuliko mengine.

"Bee," alisema baba.

"Ndiyo," mzee alijibu. "Huyo mzuri."

Siku ya mchezo, baba hakukataa kubebwa. Mama alikuja pia, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akasimama karibu na mlango wa duka na leso yake imefungwa kichwani kama ya kanisani. Nililaza ubao wa balbu kando ya mashimo, nikaweka kisanduku magotini mwa baba. Mzee alianza, akagawa mawe yake, akangoja.

Baba alibonyeza. Kibanda cha mweupe kikawaka. Barazani watu walitoa sauti, si kubwa, kama watu waliokuwa wameshikilia pumzi. Mzee alichukua mawe ya shimo la mweupe akayagawa. Nilimtazama mama. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Mzee akacheza. Baba akabonyeza: kijivu. Mzee akagawa mawe ya kijivu. Mzee akacheza tena. Baba akabonyeza, na ikawaka kijivu. Shimo la kijivu lilikuwa tupu. Ndiyo kwanza lilikuwa limetolewa mawe yote.

Mkono wa mzee ulisita juu ya mashimo, kidogo tu. Kisha ukashuka kwenye shimo la jirani, la madoa, ukachukua mawe yale na kuyagawa, na yakaishia mahali ambapo yaliteka mawe mengi ya mzee mwenyewe.

"Umecheza vizuri, Pampu," mzee alisema. "Vizuri sana."

Na mimi, mtu wa kurudia, nikawaza jambo moja tu: waya zimeingiliana. Baba amebonyeza madoa, imewaka kijivu. Damu ilinipanda usoni kwa aibu. Kazi yangu ilikuwa ikimfedhehesha baba mbele ya watu, na mzee kwa akili yake alikuwa ametambua shimo alilolikusudia baba. Mchezo ukaendelea hivyo. Kijivu ikawaka, mkono wa mzee ukaenda kwingine. Kijivu. Kijivu. Mweusi mara moja, halafu kijivu. Baba alishinda. Mzee alimpigia makofi na wengine wakapiga. Hakuna aliyesema bahati ya fisi. Hakuna aliyesema neno lolote la kuchokoza.

Njiani kurudi nilimwambia mama, "Kuna kosa kwenye waya. Nitalirekebisha leo."

"Haya," mama alisema.

Nilikifungua uani. Kwa kuwa waya zote zilikuwa nyeusi, nilikuwa nimetia kila moja alama ya kisu kwenye ganda lake, miisho yote miwili, kama vile wafugaji wanavyokata masikio ya mbuzi wao ili kila mji ujue wake: mkato mmoja wa pembeni, mikato ya kukabiliana, ncha iliyopigwa mraba. Nilifuata kila alama kutoka kitufe hadi balbu. Zilikuwa sawa. Nikabonyeza madoa, ikawaka madoa. Nikabonyeza kijivu, ikawaka kijivu. Nikasema labda ni grisi, labda waya zikijikunja zinagusana. Nikatikisa mkia wote huku nikibonyeza. Sawa. Nikafungua maungio yote ya risasi, nikapasha boliti, nikaunga upya. Sawa.

Tulirudi barazani kesho yake, ikawa vilevile, kijivu, na mkono wa mzee ukienda kwingine, na sifa. Nikakifungua tena. Nilibadilisha kipande cha bati chini ya kitufe cha kijivu. Nilibadilisha waya wenyewe. Maishani mwangu sijawahi kuomba kosa kama nilivyoomba siku zile. Mimi ambaye kosa dogo la kalamu hunikosesha usingizi, nilikaa juani nikimsihi Mungu anionyeshe mahali nilipokosea.

Mwishowe niliingia ndani, nikaketi sakafuni mbele ya kiti cha baba, nikamwekea kisanduku magotini na kulaza ubao wa balbu miguuni pake. Sikutazama balbu. Nilitazama kidole. Kilitetemeka juu ya vifuniko, kikapita mweupe, kikapita madoa, kikafika kwenye ile ngozi laini, kikatulia. Kikabonyeza. Kwa pembe ya jicho nikaona mwanga ulikowaka. Kidole kikainuka, kikapapasa kidogo, kikarudi palepale. Baba alikuwa akitabasamu kwa ule upande wake mmoja.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini.

"Umeliona kosa?" aliuliza.

"Hakuna kosa, mama," nilisema. "Kiko sawa. Kila kitu kiko sawa."

Alikuja akaketi nami sakafuni, jambo ambalo mama yangu hafanyi, akavuta kichwa changu begani kwake. Alikuwa amejua tangu siku ile ya kwanza, aliniambia baadaye. Alijua mzee alipomsifu baba. "Mzee yule," alisema, "hajawahi kusema vizuri." Barazani walijua wote. Walikuwa wakiningoja mimi.

Tuliondoka Kakuma wakati wa upepo. Mzee wa mbuzi alikuja kutuaga, na kama ilivyo desturi pale kuomba bila aibu, aliomba kiti cha baba, na sufuria kubwa, na koti langu la baridi, ambalo nililihitaji Bungoma, akapewa kiti na sufuria. Kisanduku hakukiomba. Nilikuwa tayari kumpa. Alikitazama pale magotini mwa baba, kisha akainama akamwambia baba karibu na sikio, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Pampu, wewe mwizi. Umekula mbuzi yangu yote, na kucheza hujui." Halafu akageuka upesi akaenda zake na kigoda chake, na hakutazama nyuma.

Kwenye lori tulimweka baba mbele, katikati yangu na dereva. Mama alikaa nyuma na mizigo. Betri zilikuwa zimerudishwa kwenye redio. Ubao wa balbu ulikuwa nyuma chini ya magodoro, na mkia wa waya nilikuwa nimeukata ili usimnase mtu miguu. Kisanduku kilibaki na vitufe vyake tu. Tulipouacha mji nyuma tulilipita lile lori la laga, limezidi kuzama mchangani. Baba alianza kubonyeza. Alibonyeza, akatazama miguuni pake, akangoja. Akabonyeza tena, akatazama. Mwanga haukuja. Uso wake ulianza kukunjamana ule upande mmoja.

"Kijivu," nilisema.

Akanigeukia. Akabonyeza.

"Kijivu," nikasema tena. Akabonyeza kingine. "Mweupe." Akatulia, akatabasamu, kidole kikarudi kwenye kijivu. Dereva alinitazama mara moja akarudisha macho barabarani. Vumbi lilikuwa jingi, ilibidi niseme kwa sauti ili nisikike juu ya injini, na nilisema hivyo njia yote hadi Lodwar.